Krispi zangu zilipopanda Kitonga

Kila aliyenishauri kuhusu kiwanda changu cha krispi alinishauri kuhusu mashine. Nunua ya gesi, achana na ya umeme. Anza na ndogo kwanza. Mwone fulani, shemeji yake yuko Guangzhou. Hakuna hata mmoja aliyenidokeza kwamba mashine ndiyo itakuwa sehemu rahisi, na kwamba nitakaotoana nao jasho ni kiazi na hewa.

Mimi nilikuwa nauza vipuri vya pikipiki Mbezi. Kwetu ni Makete, Mkinga, na Mkinga ukimwacha karibu na biashara ya mtu hawezi kukaa kimya. Nilikuwa nikiingia madukani naona pakiti za krispi zilizotoka nje ya nchi, wakati viazi mviringo vya kwetu vinashuka Dar na malori kuishia kwenye chipsi mayai. Ilinikaa rohoni miaka miwili, mwisho nikauza stoo moja.

Mambo ya kuagiza mashine sina haja ya kuyaeleza, kila mtu anayajua. Laini yangu ni ya kilo 100 kwa saa. Inaosha, inamenya, inakata, inasuuza wanga, inakaanga kwenye mkanda unaopita ndani ya mafuta, inachuja mafuta, inazungusha viungo kwenye pipa, mizani ya vichwa 10 inapima gramu 30, na mashine ya mwisho inafunga mfuko huku ikiupulizia gesi ya naitrojeni badala ya hewa, ili krispi zisichache. Tuko watu sita kwa zamu, na wawili kati yao kazi yao ni kutoa vipande vyenye doa, kwa sababu jicho la mashine linalofanya kazi hiyo, nilipotajiwa bei yake nilikaa chini. Jumla ilinila milioni mia mbili na ushee, ukiacha jenereta na banda. Hesabu kamili ninayo kichwani na itabaki huko huko, maana nikiiandika mke wangu ataisoma.

Suala la mahali lilileta ugomvi. Ndugu zangu wote: jenga Njombe, viazi viko mlangoni! Kilo nne za viazi zinakupa kilo moja ya krispi, sasa kwa nini ulipie lori lisafirishe maji? Hoja nzuri, ila nusu. Lori la viazi hujaa uzito, lori la krispi hujaa upepo. Kontena la futi 40 ukilishindilia krispi mpaka mlango ugome, ndani hamna hata tani sita. Nikaona heri viazi vitembee mbali na krispi zitembee karibu. Nikajenga Kibaha, karibu na bandari, mafuta na mifuko vikitoka melini viko jirani, mzigo wa Comoro unashuka Dar kwa saa chache. Nilijiona mjanja sana.

Ushauri ulioniuma zaidi ulikuwa wa chumba cha baridi. Fundi mmoja wa majokofu, mtu mzima, ana miwani, aliniambia viazi vya msimu niviweke nyuzi 4, vitakaa miezi bila kuchipua. Na kweli havikuchipua. Nikaweka tani nane. Wiki ya tano nikawaita marafiki waje kuonja mzigo wa kwanza mkubwa, nikavaa na koti jeupe.

Vipande viliingia kwenye mafuta vyeupe kama karatasi, vikatoka rangi ya kahawa iliyounguzwa. Nikapunguza moto kutoka nyuzi 178 hadi 170, bado. Hadi 160, sasa vikatoka vya kahawia na vimenyonya mafuta juu yake, vinalegea mkononi. Nikamlaumu aliyeniuzia mafuta. Nikamwaga mafuta, nikaweka mapya. Vilevile. Rafiki yangu mmoja akatafuna kipande, akafikiri, akasema, "Bwana, hiki kinakuja kitamu halafu kinakuwa kichungu." Bila kujua alikuwa amenipa jibu lote. Kiazi kikikaa kwenye baridi chini ya nyuzi 8 hivi, kinaanza kugeuza wanga wake kuwa sukari, na sukari ikikutana na mafuta ya moto huwa nyeusi. Nilikuwa nimetengeneza kashata.

Zile tani nane nikazihamishia kwenye chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 18, wiki tatu. Sukari ikarudi nyuma kiasi, si yote. Nusu nikawauzia wakaanga chipsi wa Mlandizi, na hao ndio walionimaliza kabisa. Walirudi kuulizia zaidi. Wateja wao walisema viazi vile ni vitamu.

Siku hizi chumba changu hakishuki chini ya nyuzi 10, na sihifadhi mzigo wa zaidi ya wiki mbili. Ukisikia mtu anasema krispi za kahawia ni "za asili", jua tu ana chumba cha baridi. Tena wanunuzi wa Ulaya wana kipimo cha akrilamaidi, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, mikrogramu 750 kwa kilo kwa krispi za viazi, na hiyo huzaliwa kwenye rangi hiyohiyo ya kahawia. Ulaya sijafika, ila mafuta yangu hayavuki 175.

Sukari ni nusu, nusu nyingine ni maji. Kiazi chenye maji mengi kinakula mafuta, kinakula gesi, na mwisho kilo tano hazitoi kilo moja. Maabara ya kupima ukavu wa kiazi siwezi kutembea nayo shambani, kwa hiyo natembea na ndoo. Lita 10 za maji, kilo moja na robo ya chumvi, koroga mpaka iyeyuke yote. Tumbukiza viazi 20. Kinachozama kina wanga mwingi na maji machache, ni cha krispi. Kinachoelea kikapikwe na nyama.

Mara ya kwanza nilifanya hivi kijijini kwetu Makete kwa mzee mmoja wa makamo ya baba yangu. Alinitazama nakoroga chumvi, akanyamaza kwa heshima ya mgeni, mwishowe akashindwa. "Mwanangu, viazi hujanilipa, tayari unavitia chumvi?" Majirani wakaja. Vikazama 17. Akataka tupime vya jirani yake. Vikazama sita! Hapo ndoo ikageuka mahakama, kila mtu analeta vyake, na aliyeshindwa anasema chumvi imeisha nguvu. Mbegu ilikuwa ileile ya Sagitta kwa wote wawili, tofauti ni kwamba jirani alivuna mapema akiwahi bei. Kiazi kilichovunwa kichanga hakijakomaa ngozi wala wanga. Baada ya ndoo nakaanga vipande vitano palepale kwenye jiko dogo la gesi, dakika tatu, tunaangalia rangi wote. Na nanunua kwa mzani. Lumbesa sigusi, dalali aliyejaribu kunishonea gunia lenye kilemba alirudi nalo.

Umeme: nunua jenereta inayojiwasha yenyewe kabla hujanunua hata kisu. Ukikatika vipande vikiwa ndani ya mafuta, mkanda unasimama na moto wa mafuta haujui kama umeme umekatika. Sisi tulipata moshi tu. Tulibahatika.

Makaratasi nayo yana vituko. Alama ya TBS, shirika la viwango, ilichukua muda lakini ilikuja, vyeti vya uasilia wa bidhaa nilipata TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, cha EAC kivyake na cha SADC kivyake, usichanganye. Kilichoniudhi ni wakala mmoja aliyenichaji cheti cha afya ya mimea kwa krispi. Cheti kile ni cha kuzuia wadudu na magonjwa ya mimea visivuke mpaka. Nikamuuliza, kiazi kilichokaangwa nyuzi 175 kitaota wapi? Akasema "ndio utaratibu, bosi". Nililipa, na bado nina hasira.

Sasa Kitonga.

Mzigo wangu wa kwanza wa Zambia ulikuwa katoni 900. Mimi napenda pakiti iliyonenepa. Pakiti ikilegea dukani mteja anaona kama imeibiwa. Kwa hiyo nilimwambia kijana wa mashine aongeze naitrojeni mpaka mfuko ukipigwa kidole ulie kama ngoma. Tukapakia, lori likafungwa lakiri ya forodha, likaondoka saa nane mchana.

Saa kumi alfajiri simu. Dereva. "Bosi, samahani kukuamsha. Mzigo unapiga risasi."

Nikadhani amekunywa. Akasema ilianza katikati ya mlima Kitonga, pu! Akasimama akijua ni tairi. Wakazunguka na utingo na tochi, wakapiga teke tairi zote, nzima. Wakaondoka. Pu! Pu! Utingo akasema ndani kuna mtu, akakataa kurudi kwenye kiti mpaka wabishane. Kufungua hawawezi, lakiri ya serikali ile. Walivyofika Iringa zikawa zinalia kama bisi kwenye sufuria, na Mafinga, anasema, zikatulia. "Nadhani zimeisha, bosi."

Hazikuwa zimeisha. Kama robo ndiyo zilikuwa zimepasuka, na nyingine nyingi mshono ulikuwa umefunguka kidogo tu, jambo baya zaidi, kwa sababu kwa macho ni nzima na ndani imelainika. Tunduma walipokata lakiri, katoni za juu zilikuwa zimeinua vifuniko kama zinapumua. Yule mnunuzi wa Lusaka alichukua nusu kwa bei ya kunihurumia.

Aliyenifumbua macho ni mwanangu wa kidato cha tatu. "Baba, hiyo si ni kanuni ya Boyle?" Akanichorea kwenye daftari. Kibaha tuko chini, mita 200 hazifiki. Mafinga ni zaidi ya 1,800. Huko juu mgandamizo wa hewa umepungua kama moja ya tano, kwa hiyo hewa niliyoifungia Kibaha inataka nafasi zaidi, na mfuko wangu uliokuwa ngoma tangu nyumbani hauna nafasi ya kutoa. Milioni mia mbili, na jibu lilikuwa kwenye daftari la elfu moja.

Kuna aliyenishauri nitoboe kila pakiti kwa sindano. Nilijaribu katoni moja. Naitrojeni ikatoka, unyevu wa Pwani ukaingia, siku ya tatu krispi zinakunjika kama chapati. Asanteni kwa ushauri.

Nikahitaji kupima pakiti juu ya mlima bila kukodi lori. Nikamfuata kondakta wa basi la Njombe ninayemfahamu. Nikampa katoni yenye pakiti zenye namba kwa kalamu nene, 1 hadi 5. Namba 1 ilikuwa na gesi nyingi kama ya mzigo ule wa kwanza, 5 imelegea kabisa. Nikampa na rula ya shule, na elfu kumi. Kazi yake: Ruaha Mbuyuni, Ilula, Iringa, Mafinga, Makambako, kila kituo alaze pakiti pembeni ya rula apige picha, anitumie.

Ruaha Mbuyuni, zote salama, zimevimba kiasi. Ilula sikupata picha, nikapata sauti: namba 1 imepasukia mapajani mwake na mama mmoja kiti cha nyuma amemwita Yesu. Iringa, picha za 2, 3 na 5. Nikauliza, namba 4 iko wapi? Kimya. Mafinga ndipo akajibu: "Namba 4 ilikuwa nzuri sana kaka, niliwahi kuila kabla haijapasuka." Namba 2 ikafunguka mshono hapohapo Mafinga. Namba 3 ilifika Makambako imekaza lakini hai. Namba 5 ilifika imenona kama nilivyotaka ionekane dukani!

Nilirudia safari tatu zaidi, namba 4 sasa nikiweka mbili. Mwisho nikaongeza urefu wa mfuko sentimita mbili, nikapunguza gesi, nikapandisha joto la kufungia mshono na kupunguza kasi ya mashine, kutoka pakiti 50 kwa dakika hadi 40. Pakiti za Zambia sasa zikitoka kwangu zimesinyaa, ukiziona Kibaha utanionea huruma. Zikifika Lusaka, ambako ni juu pia, zinakuwa na shavu.

Za Comoro ni kinyume. Moroni ni pwani kama sisi, ukiwapelekea zile za mlima watasema umewapunja hewa. Kwa hiyo kwenye mashine kuna vipande viwili vya karatasi vimebandikwa, MLIMA na BAHARI, na mara moja tayari kuna mtu alichanganya. Lebo za Comoro ni za Kifaransa, alinitafsiria kijana aliyesoma Bujumbura, akalipwa kwa katoni mbili.

Dereva ni yuleyule. Akianza kupanda Kitonga huzima redio na kushusha kioo. Akifika Mafinga, hata iwe saa tisa usiku, ananitumia ujumbe wa neno moja: "Kimya." Ndipo nageuka upande wa pili nalala.