Geti la Ravaldino

Nilishuka stesheni ya Forlì, mji wa Italia, saa nne asubuhi, manyunyu yananipiga, mwavuli nimeusahau kwenye treni ya Bologna. Nikatembea hadi Piazza Saffi, uwanja mpana wenye mnara mrefu wa matofali wa kanisa la San Mercuriale. Hapa, Aprili 1488, ndipo ilipotupwa maiti ya Girolamo Riario, mtawala wa mji huu, kutoka kwenye jumba lake. Waliomchoma visu ni akina Orsi, watu waliozoea kuingia kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini mimi nilimfuata mjane wake, Caterina Sforza, binti wa nje ya ndoa wa Duke wa Milano. Girolamo alikuwa mpwa wa Papa Sixtus IV, na binti aliozwa bado mdogo. Papa alipofariki mwaka 1484, Caterina, mimba ya miezi saba tumboni, aliikalia ngome ya Castel Sant'Angelo mjini Roma, makardinali wakabaki kumbembeleza atoke.

Kutoka uwanjani hadi ngome ya Ravaldino nilitembea robo saa hivi. Nilitegemea kukuta dirisha la tiketi na duka la kofia. Nikakuta geti limefungwa: humo ndani kuna gereza, na wafungwa wamo. Basi nikazunguka kwa nje, viatu vimeloa, nikiipapasa minara ile minene ya duara. Matofali yake yana ubaridi na unga mwekundu unaobaki mkononi.

Baada ya mauaji, Caterina na watoto wake walishikwa mateka, ila mkuu wa ngome, Tommaso Feo, akakataa kuikabidhi. Caterina akawaambia waasi: niacheni niingie nikamshawishi. Watoto wangu si mnao? Wakamwachia. Alipofika ndani akaugeuzia mizinga mji wenyewe. Inasimuliwa kwamba walipotishia kuwaua watoto, alipanda ukutani, akapandisha gauni na kusema uwezo wa kuzaa wengine bado anao. Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Firenze, aliieneza hadithi hiyo. Wanahistoria wengi wana shaka nayo. Mimi naona gauni limetufunika macho. Alijua kuwa mwenye ngome ndiye mwenye mji, na kwamba jeshi la ndugu zake wa Milano liko njiani. Kabla Aprili haijaisha, Forlì ilikuwa yake tena. Na huyo Machiavelli, alipotumwa kwake na Firenze mwaka 1499 kujadili mkataba, alirudi mikono mitupu.

Kwenye ukuta mmoja kuna nembo ya marumaru ya akina Borgia. Cesare Borgia, mwana wa Papa Alexander VI, alibomoa njia kwa mizinga, akaingia Januari 1500, akamchukua Caterina mateka hadi Roma. Nilisimama chini ya nembo hiyo nikila piadina, mkate bapa wa huku, ya jibini iliyokwisha poa. Mzee mmoja mwenye mbwa akanisalimia, akaonyesha nembo kwa mkongojo, akatema mate pembeni.

Kesho yake nilikwenda Firenze, alikofia Caterina mwaka 1509. Alizikwa katika konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Le Murate. Nayo iligeuzwa gereza baadaye. Siku hizi ni nyumba za kupanga na mkahawa. Jiwe la kaburi lake halipo tena. Niliagiza kahawa, nikaketi, kisha nikajikuta nainua miguu kidogo kutoka sakafuni.