Mtaa wa Grant, chini ya matao ya Richardson

Nilishuka kwenye treni ya mjini katika kituo cha Steel Plaza, mjini Pittsburgh, Marekani, nikapanda hadi mtaa wa Grant. Nilikuwa nimekuja kuiona mahakama ya Kaunti ya Allegheny. Marehemu baba alikuwa fundi mwashi kule Moshi, nami siwezi kulipita jengo la mawe bila kuligusa.

Nikaweka kiganja ukutani. Itale yake ina wekundu hafifu, imeachwa na makwaruzo yake, lakini kiungo kati ya jiwe na jiwe ni chembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Kwenye vishimo bado kuna weusi, masizi ya viwanda vya chuma vilivyoufukiza mji huu miaka na miaka. Kumbe hata ule mnara mrefu ulikuwa na kazi: ulivuta hewa kutoka juu, kwenye moshi mchache, ikashushwa hadi vyumbani.

Mahakama iliyotangulia iliungua 1882. Henry Hobson Richardson akashinda shindano la kuchora mpya, ujenzi ukaanza 1884. Alifariki Aprili 1886, ana miaka 47 tu. Wasaidizi wake wakaimaliza 1888. Inaniuma kwamba hakuwahi kupanda ngazi zile.

Na ngazi zenyewe! Tao juu ya tao, mwanga ukiingia kwa pembeni, mtu unajikuta unatembea polepole. Ila kuzifikia lazima kwanza upite ukumbi wa chini wenye dari fupi, unaobana. Sababu ni kwamba mwaka 1913 mtaa ulichimbwa ili kupunguza mwinuko wa kilima. Jengo likabaki palepale, ardhi ikashuka. Tunakoingilia leo palikuwa chini ya ardhi, na milango ikabidi irefushwe kuelekea chini. Fundi yeyote angeona uchungu.

Nyuma, juu ya mtaa wa Ross, kuna daraja la mawe lililofunikwa, linalounganisha mahakama na gereza la zamani. Wenyeji wanalifananisha na lile la Venice, Italia, lenye jina la simanzi, Daraja la Kushusha Pumzi (Bridge of Sighs). Wafungwa walivushwa humo hadi gereza lilipofungwa 1995.

Kabla ya kuondoka nilirudi mbele, nikapima jiwe moja kwa shubiri, kama baba alivyokuwa akifanya. Shubiri tano na ushee. Nikaandika nyuma ya tiketi.