Jioni tuliyohesabu pointi za kaka

Baba alikuwa ameshapata mpaka mteja wa lile shamba la tambarare. Ni Desemba 2018, tumepanda Kibosho wote kwa ajili ya Krismasi kama kawaida yetu, kumbe kikao kimeshapangwa: kaka anataka kwenda Kanada, kuna ajenti Arusha kamwambia atamtafutia barua ya kazi na mambo yote yatanyooka, na hela anayotaka huyo ajenti haiwezi kutoka kwenye mshahara wa injinia wa maji, itatoka kwenye ardhi. Kihamba, yaani lile shamba la ukoo lililozunguka nyumba, hakiguswi, hilo hata halijadiliwi, lakini tambarare ndo tunakolima mahindi na maharage ya mwaka mzima, ndo kulikotusomesha, moyo ukaanza kunienda mbio.

Nikauliza kitu kimoja tu, kaka una pointi ngapi? Akasema ajenti ndo anajua.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari hapa Moshi, na mwaka ule nilikuwa namsaidia rafiki yangu nesi kujiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza wa kwenda nje, kwa hiyo lile jedwali la pointi za Kanada nilikuwa nalijua vizuri. Na halijafichwa jamani! Kanada ndo waliokuwa wa kwanza kuwapima wahamiaji kwa pointi, tangu 1967, na kuanzia Januari 2015 wana huu mfumo wa Express Entry, unajaza wasifu wako mwenyewe kwenye intaneti bila kulipa kitu, unapewa pointi kati ya 1,200, unakaa kwenye foleni na wenzako wa dunia nzima, halafu kila baada ya muda wanakata mstari, waliopo juu ya mstari wanaitwa kuomba ukaazi wa kudumu. Jedwali limewekwa wazi na serikali yao, mtu yeyote mwenye simu analisoma.

Nikachukua daftari la mama la vikoba, nikageuza kurasa za nyuma, nikasema tuhesabu hapa hapa.

Umri, kaka ana miaka 33 na hajaoa, 88. Baba mdogo akaruka, umri nao una alama? Nikamwambia tena huo ndo unakula watu, wa miaka 20 mpaka 29 anabeba 110 zote, ukigonga 30 zinaanza kumomonyoka kila mwaka, ukifika 45 ni sifuri. Baba akavuta kiti. Elimu, kaka ana masta, 135. Kazi amefanya zaidi ya miaka mitatu, hiyo nikaiweka pembeni kwanza maana kazi ya nje ya Kanada haihesabiwi peke yake, inahesabiwa ikikutana na lugha.

Basi lugha. Kaka akaenda kwenye begi akatoa bahasha ya matokeo yake, ameikunja mara nne. Kusikiliza 8, kusoma 7.5, kuongea 7, kuandika 6.5. Nikapiga hesabu, nikajumlisha na ile masta na ule uzoefu, jumla 389. Na mstari wa miezi ile ulikuwa unacheza kwenye 440 hivi.

Kimya. Mama kaacha kumenya ndizi. Baba akasema, "Sasa si ndo maana huyo bwana anahitajika?"

Nikamwambia baba subiri kwanza. Nikaandika tena hesabu ile ile pembeni, kila kitu kama kilivyo, ila kwenye kuandika nikaweka 7. Jumla 447. Pointi 58 kwa nusu alama ya mtihani mmoja! Kwa sababu ukifikisha kiwango cha 9 kwenye ngazi za lugha za Kanada wenyewe, siyo 9 ya IELTS, kwenye vipengele vyote vinne, pointi za lugha zenyewe zinapanda, halafu masta inakuongezea 50 badala ya 25, na uzoefu nao 50 badala ya 25, kipengele kimoja kikibaki nyuma vyote viwili vinadondoka. Baba akavaa miwani, akaweka kidole kwenye 389, akakisogeza taratibu mpaka kwenye 447. "Mama, hebu rudia hapo." Nikarudia. Akataka nirudie tena, baba mdogo naye asikie.

Halafu nikawaambia la barua. Wakati ule ofa ya kazi ya kweli ingempa injinia pointi 50, lakini kwa kawaida mwajiri lazima kwanza apate kibali cha serikali kuonyesha amekosa mtu kule kule, siyo karatasi ya kununua ofisini kwa mtu Arusha, na ukikamatwa umedanganya unafungiwa miaka mitano. Kitu kinachotakiwa kweli ni akiba, kwa mtu mmoja ilikuwa zaidi ya dola elfu 12 za Kanada, iwe yako na siyo ya kukopa. Kaka alikuwa nayo karibu yote, alikuwa anaiweka anunue gari.

Kaka alikasirika, nilimuona, siyo kwangu, kwa zile wiki alizokuwa anapanda ngazi za yule mtu. Lakini yeye si mtu wa maneno, aliuliza tu, "Tunaanza lini kuandika?"

Tukaanza kesho yake. Anaandika kama ripoti ya kisima, sentensi fupi fupi, hoja haijaelezwa kaenda nyingine, na insha ile inataka maneno 250. Januari akarudia mtihani, kuandika akapata 7. Mwisho wa mwezi mstari ukashuka mpaka 438 naye akaitwa, na Februari ukaruka juu ya 450, angechelewa kidogo tu angebaki foleni, tena Machi anatimiza 34 na zile 88 zinakuwa 83.

Sasa hivi zile pointi za ofa ya kazi zimefutwa kabisa, tangu Machi 2025, na bado nasikia watu hapa mjini wanauziwa barua. Mimi nina 36, umri wangu ni 72, na kuwa na kaka mkaazi kule kunanipa 15. Sijaamua. Baba ndo anayenipigia kila mwaka kuniambia nimepoteza ngapi.