Siku moja maishani mwangu: mifuko 11,600 ambayo haikuwepo

Saa 11 na nusu alfajiri. Oktoba mchana Mbeya ni jua na vumbi, lakini alfajiri huku Uyole sweta bado halijarudi kabatini. Nakunywa chai ya tangawizi kwa kiazi cha kuchemsha huku nikisoma ujumbe wa dereva: gari limelala Mafinga, lina mifuko 600 ya DAP, mbolea ya kupandia. Hiyo ni semi moja ya tani 30 kwa mifuko ya kilo 50, hesabu ambayo kila mtu wa pembejeo Nyanda za Juu Kusini anayo kichwani.

Kazi yangu ni kupanga stoku ya mbolea kwa msambazaji mwenye stoo mbili, Mbalizi na Vwawa. Mvua zikianza Novemba, mkulima anataka mbolea ya kupandia siku hiyohiyo. Fosforasi ya DAP haitembei kwenye udongo, lazima iwe karibu na mbegu tangu mwanzo. Ukimletea Januari umemletea mzigo wa kuweka ndani. Ndiyo maana namba ya salio nailinda kama mtu anavyolinda mbegu.

Saa 1 na nusu asubuhi nipo stoo ya Mbalizi, kwa mzee anayeitunza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuhesabu au kusalimia?"

"Yote mawili, mzee."

Tunahesabu mifuko pamoja, mstari kwa mstari, kisha ananipa kadi ya stoo. Kingo zake zimelainika kwa kushikwa, kona moja ina doa la chai. Safu ni nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio. Leo asubuhi salio ni 1,410, sawa na tulichohesabu. Ukurasa ukijaa, mzee hujumlisha kilichoingia, hujumlisha kilichotoka, kisha salio la mstari wa mwisho analihamishia ukurasa mpya jinsi lilivyo. Miaka yote aliyoshika kadi hizi hajawahi kujumlisha safu ya salio. Naipiga picha kadi ile, kwa sababu leo nina kesi ya kuitolea ushahidi.

Saa 4 asubuhi, ofisini Iyunga. Tunajaribu programu mpya ya kupanga mzigo kabla ya msimu. Nimeiwekea takwimu za DAP za Novemba iliyopita, stoo zote mbili pamoja. Mwezi ulianza na mifuko 4,500. Wiki ya kwanza iliuzwa 300 na hakikuingia kitu, tukafunga na 4,200. Wiki ya pili iliingia 600, ikauzwa 1,200, salio 3,600. Ya tatu iliingia 600, ikauzwa 1,700, salio 2,500. Ya nne iliingia 600, ikauzwa 1,800, salio 1,300.

Nabadilisha mwonekano kutoka wiki kwenda mwezi. Mauzo ya mwezi: 5,000. Sawa. Mapokezi: 1,800. Sawa. Salio la Novemba: 11,600.

Nilipoiona namba hiyo niliinuka kitini, maana naijua. Jedwali tulilotumia mwaka jana lilitoa hiyohiyo. Lilijumlisha 4,200 na 3,600 na 2,500 na 1,300, yaani mfuko mmoja uliokaa ghalani mwezi mzima ukahesabiwa mara nne. Makadirio ya mauzo ya Desemba yalikuwa 7,000. Mtu akiona 11,600 dhidi ya 7,000 anasema tumeshiba, tusiagize. Ukweli ni kwamba tulikuwa na 1,300 na pengo la 5,700, sawa na semi 9 na nusu, tuseme 10. Agizo lilipotoka, mvua zilikuwa zimeshachanganya. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800, kuna foleni ya kupakia, kuna mizani, kuna mlima Kitonga. Siku zile niliwaona akina mama walioshuka kutoka Ilembo na pesa mkononi, wamefunga watoto mgongoni, wakaondoka bila mbolea. Hilo sijalisahau na sitaki lirudi.

Mauzo na mapokezi ni vitu vinavyopita. Kila wiki ina vyake, ukivijumlisha unapata vya mwezi. Salio ni kitu kilichosimama mahali, unakikuta kama unavyokuta uniti kwenye mita ya umeme ya LUKU. Jana zilibaki 20, leo zimebaki 15. Hakuna mtu nyumbani atakayesema tuna 35. Ila mifuko 500 ya Mbalizi na 800 ya Vwawa ya siku moja unaijumlisha bila wasiwasi, ni 1,300. Salio linajumlishika kwa mahali, kwa muda halijumlishiki.

Programu yenyewe inaruhusu kila mstari uwe na kanuni yake, ila ukiuacha ilivyokuja, kila mstari unajumlishwa. Nimebadilisha salio lichukue wiki ya mwisho ya kipindi. Salio la kuanzia nimeliweka lichukue wiki ya kwanza. Halafu nimepima: 4,500 kuongeza 1,800 kutoa 5,000, inabaki 1,300. Hesabu hii ikifunga kwenye wiki lazima ifunge kwenye mwezi, kwenye robo, hata kwenye mwaka. Isipofunga, kuna mstari una kanuni mbovu.

Watu wa Excel mtaniuliza kuhusu pivoti, lile jedwali la muhtasari. Pivoti ya kawaida inakupa jumla, wastani, kubwa kuliko zote, ndogo kuliko zote. "Ya mwisho" haimo kwenye orodha ile, ndiyo maana wengi wanaangukia jumla.

Mtego wa pili umenila saa nzima. Vwawa walichelewa kutuma hesabu ya wiki ya mwisho, na programu ikasoma nafasi tupu kama sifuri. Ghafla Vwawa haina kitu! Nimeielekeza ichukue, kwa kila stoo peke yake, wiki ya mwisho yenye namba, ndipo ijumlishe stoo. Stoo ikiwa kweli tupu, mzee anaandika 0 kwa mkono wake. Sifuri iliyoandikwa ni habari, nafasi tupu ni deni la kupiga simu.

Na ile wiki inayokatiza mwisho wa mwezi, siku tatu Novemba na nne Desemba: mauzo yake unaweza kuyagawa kwa siku. Programu ikataka kugawa na salio, Novemba ipewe sehemu tatu za saba za mifuko. Nimekataa. Salio la Novemba ni lile la jioni ya tarehe 30.

Saa 7 mchana. Wali wa Kyela, maharage, mboga za majani. Dada wa mauzo ananiuliza mezani, "Kwani wastani haufai? Si ungeweka wastani tu?"

Wastani una kazi yake. Ukitaka kujua pesa ya benki ililala kwenye mifuko mingapi kwa mwezi, wastani ndio jibu. Ukitaka kujua kama ghala litatosha, tazama wiki iliyojaa kuliko zote. Ukitaka kujua kama uliwahi kuishiwa, tazama iliyokauka kuliko zote. Kwa kuagiza Desemba unahitaji kilichopo mwisho. Wastani wa Novemba ile ni 2,900, na mlangoni kulikuwa na 1,300.

Nikamchorea nyuma ya risiti hesabu ya siku ambazo mzigo uliopo utatosha. Mbalizi mifuko 500, inauza 1,250 kwa wiki: karibu siku 3. Vwawa mifuko 800, inauza 500 kwa wiki: siku 11. Ukitafuta wastani wa siku unapata 7, unalala usingizi. Jumlisha mifuko kwanza, 1,300, gawa kwa mauzo ya jumla, 1,750 kwa wiki: siku 5 na kidogo. Na Mbalizi wanaanza kukosa siku ya tatu. Akaichukua ile risiti akaiweka kwenye pochi.

Saa 9 alasiri, kikao na bosi. Nilimwekea mezani vitu viwili: ukurasa wa programu wenye 11,600 na picha ya kadi ya mzee. Aliangalia kimya, akauliza swali moja tu: "Mwaka jana tuliagiza kwa namba ipi?" Nikamwonyesha. Akasaini mabadiliko ya kanuni na agizo la semi za Novemba papo hapo.

Saa 11 jioni nafunga wiki kwenye programu. Simu inaita.

"Mwanangu, gari limeshusha. Mia sita kamili, hakuna uliochanika. Leo zimetoka 70."

"Salio, mzee?"

"1,940."

Naingiza 600, naingiza 70, naugeuza mwonekano wa Mbalizi uwe wa mwezi. Safu ya Oktoba inasoma 1,940.

"Ndaga, mzee, asante."

"Ndaga. Kesho uje na kadi mpya, hii imejaa."