Jua Lilivyobambikiwa Kesi

Mtandao ulipokatika Jumapili ya Mei 12, 2024, mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, jibu lilipatikana kabla ya adhuhuri: ni jua. Tangu Jumamosi picha za anga jekundu na la zambarau zilikuwa zimezagaa kwenye simu, kutoka Ulaya, Mexico, hadi Namibia, na kila mtu alishasikia habari za dhoruba ya jua, yaani jua linapolipuka na kurusha chembe na sumaku kuelekea duniani. Mambo mawili makubwa wikiendi moja, nani asingeyaunganisha?

Mimi nilikuwa na sababu ya kubisha. Ijumaa usiku nilikaa macho nikifuatilia grafu za ACE, chombo cha anga cha Marekani kilichorushwa Agosti 25, 1997. Kipo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, upande wa jua, mahali ambapo mvuto wa jua na wa dunia unakiwezesha kulizunguka jua sambamba nasi. Upepo wa jua, yaani chembe zinazomiminika kutoka kwenye jua usiku na mchana, unakipitia chenyewe kwanza ndipo utufikie sisi. Nimekipenda chombo hiki tangu nikiwa sekondari, na bado sijakichoka.

Saa moja na nusu ilikuwa imepita kidogo. Mstari wa kasi, uliokuwa ukitambaa kwenye kilomita 400 na kitu kwa sekunde, ukasimama wima kuelekea 700. Mstari wa sumaku nao ukaanza kuruka juu na chini. Nikapiga hesabu: imebaki kama nusu saa. Kweli, saa mbili na dakika chache vipimo vya sumaku duniani vikatikisika. Niko chumbani kwangu Tanga, mvua ya masika inapiga bati, na habari ya dhoruba nimeipata kabla dhoruba yenyewe haijafika! Nikapiga picha za skrini, moja baada ya nyingine.

Jumatatu kwenye steshenari yangu kazi zilisimama. Waliokuja kuomba ajira, waliokuwa wanasubiri kontroo namba, wote wamekaa kwenye benchi wanalilaumu jua. Akaingia babu mmoja jirani, mstaafu wa bandari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hili jua litatuachia lini?"

Nikamwonyesha picha za Ijumaa. Nikamwambia dhoruba ilifika Ijumaa usiku, na Jumamosi kutwa, ilipokuwa kali kabisa, mtandao ulikuwa unafanya kazi. Yeye mwenyewe alituma pesa. Kilichokatika ni mikongo miwili ya baharini, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ndani ya mkongo ujumbe unasafiri kama mwanga kwenye uzi wa kioo, chini kabisa baharini, na chembe za jua hazifiki huko.

Sikutaka aondoke akidhani jua halina madhara. Machi 1989 dhoruba yake ilizima umeme jimbo la Quebec, Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa kama 9. Lakini hii kesi ya mtandao jua lilibambikiwa.

Babu akaishika simu, akaisogeza mbali na macho, akaufuata ule mstari kwa ukucha mpaka pale unaposimama. Kisha akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote ya siku ile: "Na jua likitulia, chombo kinakaa bure?"

Hakikai bure. Kinakamata pia chembe zinazotoka nje kabisa ya jua letu, mabaki ya nyota zilizolipuka. Nikamsimulia kuhusu chuma-60, aina ya chuma inayopikwa nyota zinapolipuka, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka milioni 2.6. Katika miaka 17 ACE ilikamata viini vya atomu 15 tu vya chuma hicho. Vimewafikisha wanasayansi kwenye jambo zito: kama havijaoza vyote, basi nyota iliyovizaa ililipuka si zamani sana kwa hesabu za anga, wala si mbali sana na sisi.

"Kumi na tano," babu akasema. "Na wakavihesabu."

Akarudi kwenye picha ya Ijumaa. "Nitolee kopi ya hii yenye mstari uliosimama. Ya rangi." Printa haihitaji mtandao, nikamtolea hapo hapo na hela yake nikaikataa. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema anaipeleka Makorora, barazani, ambako ubishi ulikuwa mkubwa kuliko wa kwetu.