Mpaka wa kihamba ndani ya SmartMedia

Mwaka 2019, masika yakiwa yamepamba moto, mzee mmoja mstaafu wa kuongoza watalii alishuka Moshi kutoka Marangu akiwa na bati la biskuti kwapani. Kwenye meza yetu ya ufundi, mtaa wa nyuma ya stendi kuu, alilifungua. Ndani mlikuwa na kamera ya Olympus ambayo kifuniko chake cha betri kimefungwa kwa raba, kidude cheusi chenye waya wa USB, na kadi nne za kuhifadhia picha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Duka moja hapo mjini wamesema hizi zimekufa. Kitu kimekaa kwenye bati kavu, kimekufaje?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukoo wake ulikuwa kwenye mvutano wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga. Mstari wa masale, mimea ya kuwekea mipaka, uliotenganisha sehemu yake na ya ndugu yake ulikuwa umeng'olewa, na kila upande ukataja mahali pake. Mzee alikumbuka kwamba siku ya ubatizo wa mtoto mmoja alipiga picha uani, na masale yalikuwa nyuma ya watu. Kikao cha ukoo kilimtaka alete picha hizo, na mwenyekiti akaongeza kuwa lazima tarehe yake ijulikane. Hilo la tarehe ndilo lililoifanya kazi iwe ngumu, maana kutoa picha tu ni jambo moja na kutoa picha isiyotiliwa shaka ni jambo jingine.

Kadi zilikuwa hivi: SmartMedia ya MB 64, xD ya MB 128 iliyotoka kwenye kamera ya binti yake, Memory Stick ya Sony ya rangi ya zambarau, na SmartMedia nyingine ndogo ya MB 4. Memory Stick haikutuchelewesha. Ilisomeka kwenye kadi rida ya kawaida (kifaa cha kusomea kadi kwenye kompyuta), ikatoa picha za wapagazi na watalii njia ya Marangu, ikawekwa pembeni.

SmartMedia ndiyo yenye mambo. Toshiba waliitoa mwaka 1995. Ni bamba jembamba la milimita 45 kwa 37, unene milimita 0.76, na upande mmoja una dhahabu. Tofauti yake na CompactFlash au SD ni kwamba ndani yake hakuna kontrola, ile chipu inayopanga data. Ni chipu ya kumbukumbu tupu, kama daladala isiyo na konda: abiria wote wamo, lakini hakuna anayejua nani anashuka wapi. Kazi ya kujua kipande kipi cha data kinatangulia kipi inafanywa na kamera au na rida. Kila ukurasa wa baiti 512 una baiti 16 za pembeni, na humo ndimo ilimoandikwa namba ya bloku (fungu la kurasa) pamoja na hesabu ya kusahihisha makosa. Rida isiyoielewa hesabu hiyo inaona takataka, kisha Windows inauliza kama ifomati diski. Ukiona swali hilo, bonyeza hapana na uchomoe kadi. Mara nyingi kadi ni nzima na rida ndiyo isiyoijua.

Rida mpya za madukani, hata zile zenye matundu mengi, hazina tundu la SmartMedia. Tundu hilo ni pana kuliko la SD, na ukilikosa kwa macho usihangaike na adapta. Bahati ikawa kwenye bati lenyewe. Kile kidude cheusi kilikuwa Olympus MAUSB-10, rida ya SmartMedia na xD, ambayo mtalii aliyempa mzee kamera alimwachia pamoja nayo. Tulipoichomeka kwenye Windows 10 haikupata dreva, yaani programu ya kuendeshea kifaa. Pengine ndipo lile duka la kwanza walipokata tamaa. Lakini kernel (kiini) ya Linux, mfumo mbadala wa Windows, ina dreva yake, inaitwa ums-alauda, na kwenye Ubuntu, toleo mojawapo la Linux, inajipakia yenyewe. Tuliiwasha Ubuntu kutoka kwenye flashi, kwenye laptopu yenye betri nzuri. Umeme wa siku hizo ulikuwa unakatika hovyo, na kompyuta ya mezani ikizimika katikati ya usomaji utaanza kuhangaika na mambo yasiyo ya lazima.

Kabla ya kuchomeka kadi tuliisafisha. Dhahabu ilikuwa na utando wa mafuta ya vidole. Inatosha pamba ya masikio na spiriti safi ya asilimia 90 kwenda juu, kisha unaiacha ikauke. Wapo mafundi wanaosugua kwa raba ya penseli. Inafanya kazi, ila dhahabu ile ni nyembamba mno, na ukizoea kusugua utakuja kuiondoa. Raba iwe ya mwisho, tena msuguo mmoja mwepesi.

Amri ya `lsblk`, inayoorodhesha diski, ilionyesha diski mbili, tundu la xD likiwa tupu, na la SmartMedia likisema 62.5M. Mpwa wa mzee, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akashtuka kwamba MB zimepungua. Hazijapungua. Kadi ya MB 64 imegawanywa kanda 4 za bloku 1,024, kila bloku KB 16, na katika kila kanda bloku 24 ni za akiba ya zile zitakazoharibika. Zinabaki 1,000 mara 4 mara KB 16, ambayo ni 62.5 kamili. Kuiona namba hiyo kulitupa moyo, kwa sababu ilimaanisha rida imeitambua kadi sawasawa.

SmartMedia ina kiduara ambacho ukikibandika stika ya fedha kadi haiandikiki tena. Stika hizo hatukuwa nazo, na kubandika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala yake ni kutafuta shoti. Tulizuia upande wa kompyuta, ambako kadi ilijulikana kama /dev/sdc:

`sudo blockdev --setro /dev/sdc`

Kisha tukanakili kadi nzima, baiti kwa baiti, kabla ya kufungua picha hata moja, kwa programu ya ddrescue:

`sudo ddrescue -n /dev/sdc kadi64.img kadi64.map`

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdc kadi64.img kadi64.map`

Ya kwanza inapita haraka na kuruka penye ubishi, ya pili inarudi penye ubishi tu, kwa sababu faili la map linakumbuka palipokwama. Sehemu ndogo mwishoni ilikataa kabisa. Baadaye ilionekana ilikuwa ndani ya picha moja ya mgomba, ambayo nusu ya chini iligeuka rangi za ajabu. JPEG ndivyo ilivyo: ikipotea data katikati, kila kinachofuata kinahama. Picha hiyo haikuhitajika na mtu.

Tulipiga `sha256sum` ya nakala, yaani namba inayobadilika faili likiguswa hata kidogo, na kuiandika kwenye karatasi, na mzee akaweka saini chini yake. Mtu akidai kesho kwamba picha zimechezewa, namba hiyo itaonyesha kama nakala imeguswa baada ya siku ile. Kadi yenyewe ikarudi kwenye bahasha. Kuanzia hapo kazi yote ilifanywa juu ya nakala, ikiwa imefunguliwa kwa kusoma tu: `sudo losetup -r -P -f --show kadi64.img`, maana kadi hizi zina jedwali la kugawa diski mwanzoni, na ukijaribu kuifungua nakala hiyo moja kwa moja itagoma.

Ndani ya folda ya DCIM kulikuwa na 100OLYMP, na humo mafaili ya aina mbili. Mengine yalianza na P101, mengine P817. Kamera za Olympus za wakati ule huliandika jina la faili kwa mpango: P, kisha mwezi kwa herufi moja (1 hadi 9, halafu A, B, C kwa Oktoba, Novemba na Desemba), kisha tarehe kwa tarakimu mbili, kisha namba ya picha. P101 maana yake Januari 1, na wingi wake kwa kawaida ni dalili kwamba betri zilitolewa muda mrefu, saa ya kamera ikarudi mwanzo na hakuna aliyeirekebisha. Picha hizo hatukuzihesabu kwenye ushahidi, ingawa mbili zilionyesha masale vizuri kuliko zote. Mzee alinung'unika kidogo. Lakini upande wa pili wangeuliza, na wangekuwa sahihi.

P817 ndizo zilizobeba kazi. Agosti 17, na Exif ndani yake (taarifa za tarehe na saa ambazo kamera huandika ndani ya picha) ikataja 2003. Picha ya ubatizo, watu wamevaa suti na vitenge, masale nyuma yao yamepanga mstari kutoka kona ya banda la ng'ombe hadi mfereji. Agosti 17, 2003 ilikuwa Jumapili, jambo linaloendana na ubatizo. Tatizo lilikuwa saa. Exif ilisema 05:30, yaani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na vivuli vya watu vilikuwa vifupi miguuni pao. Mpwa akasema basi hata tarehe ni ya uongo. Tukamuuliza mzee yule mtalii alikuwa wa wapi. "New York." Pwani ya mashariki ya Marekani, mwezi wa Agosti, iko nyuma yetu kwa saa 7. Ongeza saba juu ya 05:30 unapata saa sita na nusu mchana, jua utosini, na siku inabaki ileile. Kamera haikuwahi kuwekwa saa ya Tanzania. Maelezo hayo tuliyaandika kwenye karatasi ya pili, kwa sababu picha ikienda bila hayo, mtu wa kwanza kuisoma Exif angeitupa.

Ile xD ilikuwa na mkasa mwingine. Lile duka la kwanza walikuwa wamekubali kufomati walipoulizwa. Fomati ya haraka hufuta orodha ya mafaili na kuacha picha zenyewe, ili mradi hakuna kilichoandikwa juu yake baadaye. Tuliinakili kwa ddrescue vilevile kupitia rida mpya yenye tundu la xD, kisha tukaipitisha PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizofutwa, juu ya nakala. PhotoRec hutafuta mwanzo wa kila JPEG bila kujali orodha, kwa hiyo majina ya mafaili yanapotea, lakini Exif hubaki ndani ya picha. Zilipatikana picha za Krismasi ya 2006 za uani uleule, masale yamenenepa, mstari haujasogea.

Palipobaki pa kuharibu ni kwenye kutuma. Mpwa alitaka kuzirusha WhatsApp kwenye kundi la ukoo hapohapo. WhatsApp hubana picha na kuondoa Exif, na kwa shughuli hii tarehe ndiyo mali. Ikibidi, tuma kama dokumenti. Pia mtu asiizungushe picha ya asili kwa programu yoyote na kuihifadhi, hata kama imelala ubavu, azungushe nakala. Mzee alipewa flashi mbili zenye nakala za kadi na mafaili ya asili, pamoja na picha nane za kuchapwa. Flashi moja akasema atampa mwenyekiti, nyingine padri.

Ikabaki ile SmartMedia ya MB 4. Imeandikwa 5V, na kona yake iliyokatwa iko upande usio sawa na ile nyingine. SmartMedia za kwanza zilitumia volti 5, za baadaye 3.3, na kona hukatwa tofauti ili usizichanganye. MAUSB-10 haikuipokea, na hatukuilazimisha. Inahitaji kamera au rida ya zama zake, na Moshi hatukujua mwenye nayo. Mzee aliiweka kwenye bati peke yake, akauliza bei, akaomba apunguziwe kwa kuwa kadi moja haijasomwa, na tukampunguzia.