Nilivyofikia uamuzi wa kuipunguza APOE4

Ukiingia kwenye utafiti wa dawa za Alzheimer, hukwepi APOE4. Jeni hii ilihusishwa na ugonjwa huo mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Duke, na mpaka leo hakuna jeni nyingine iliyoenea kama hiyo yenye uzito wake kwa Alzheimer ya uzeeni. Mwenye nakala moja, hatari yake huongezeka karibu mara 3. Mwenye mbili, mara 8 au zaidi.

Kichwa kiliniuma kwenye swali la mwelekeo. Kemia ilikuwa nafuu. Protini ya E4 (yaani APOE4) inatofautiana na ya E3, aina ya kawaida ya jeni ya APOE, kwa asidi amino (kijenzi cha protini) 1 tu kati ya 299: nafasi ya 112, penye sisteini pamekaa arginini. Je, inadhuru kwa sababu ipo, au kwa sababu inazembea kazi yake ya kusafirisha mafuta ubongoni? Kama ni kuwepo kwake, ipunguze. Kama ni uzembe, ongeza iliyo bora. Ukienda upande usio wake, unamzidishia mgonjwa balaa.

Niliweka kando panya kwanza, nikawatazama watu. Mwaka 2014 iliripotiwa habari za mwanamume wa miaka 40 asiye na protini ya APOE kabisa, ya aina yoyote. Kolesteroli yake ilikuwa juu kupita kiasi, ngozi imejaa vinundu vya mafuta, lakini akili na kumbukumbu zilikuwa sawa. Umri wake mdogo haukunipa haki ya kushangilia, hilo najua. Ila alinifungua macho: madhara yake yalikuwa kwenye damu. APOE ya ini haivuki kuingia ubongoni, na ubongo hujitengenezea yake. Basi inawezekana kuigusa ya ubongoni bila kuchezea ya damu.

Hapo nikachagua vipande vifupi vya asidi nyuklei vinavyoinasa RNA ya APOE, yaani ujumbe wa jeni, kabla haijatumika kutengeneza protini. Haviwezi kupita kutoka damuni hadi ubongoni, kwa hiyo hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Usumbufu kwa mgonjwa, ndiyo, lakini kwangu mimi ndio uliokuwa uzuri wake: ini haliguswi sana.

Kwenye sahani ya maabara nilizipaka seli za astrosaiti (seli saidizi za ubongo) zenye E4 rangi inayong'arisha mafuta. Chini ya darubini zilijaa matone ya kijani, mengi kuliko zile za E3.

Mwenzangu hakukubaliana nami, na ana hoja: Lexeo Therapeutics ya Marekani wamejaribu kwa binadamu tiba inayopeleka jeni ya E2, ile inayokinga, kwa wenye nakala mbili za E4. Bado tunabishana. Kinachonishughulisha sasa ni wale wenye E3 moja na E4 moja. Jeni hizo zimeachana kwa herufi moja tu, na kunyamazisha moja bila kuigusa jirani yake ni kazi ngumu kweli.